Fahamu: Tarehe ya sikukuu inapowaumiza wenyeji

Kila Januari mjadala huibuka upya Australia. Tarehe 26 Januari 1788, Arthur Phillip alipandisha bendera ya Uingereza pale Sydney Cove, na taifa huiadhimisha siku hiyo. Kwa wenyeji wa asili ndipo ulipoanza uporaji wa ardhi yao, hivyo wengi wanataka tarehe ibadilishwe.

Sisi wa Mpanda, mkoani Katavi, Tanzania, hatuna kidonda hicho. Wenyeji wa huku, Mpimbwe, Mbende na Mkonongo, husherehekea 9 Desemba 1961, siku mkoloni alipokabidhi nchi. Kenya nayo, kwa Katiba ya 2010, iliiacha 20 Oktoba palepale ikabadili jina: Siku ya Kenyatta ikawa ya Mashujaa wote.

Lakini wenyeji wa Katavi wana lao. Hifadhi ya taifa iliyotangazwa 1974, na mkoa ulioanzishwa 2012, vyote vina jina la Katabi, mzimu anayeaminika kukaa kwenye mkwaju karibu na Ziwa Katavi, ambako watu hupeleka sadaka. Tarehe yetu ibaki. Ila siku ya maadhimisho, wazee wanaoijua habari hiyo wapewe kipaza sauti kabla ya viongozi.