Fahamu: Gari la umeme kwenye milima yenye theluji

Nchini Norway, ambako mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, barabara namba 7 hukatiza uwanda wa Hardangervidda, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi hudhoofisha betri, hivyo gari hupashwa joto likiwa bado kwenye chaja. Kwenye mteremko, mota hugeuka jenereta: hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme. Lakini betri iliyojaa pomoni haina pa kuuweka, na breki za kawaida hubeba mzigo wote. Anayeanzia safari kileleni asiijaze betri hadi pomoni. Hatari kubwa zaidi ni barafu. Dereva akiachia pedali ya mwendo ghafla, mota huweza kuyafanya magurudumu yateleze. Pedali iachiwe taratibu, tena mapema kabla ya kona.