Rimoti ikikaidi, usikimbilie kuitupa

Hakuna kifaa kinacholaumiwa ovyo katika nyumba zetu kama rimoti. Deki ya DVD ikikataa kuwaka, rimoti imekufa. King'amuzi kikigoma kubadili stesheni, rimoti imekufa. Basi Jumapili, misa ikiisha katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Theresa, mzee wa boma huitoa mfukoni, akaingia nayo katika soko la Kibuye, na kurejea nyumbani na nyingine ambayo nusu ya vitufe vyake havifanyi lolote. Ile ya zamani hutupwa jaani, ilhali aghalabu haikuwa na dosari ila uchafu.

Jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya analogi mapema mwaka wa 2015, nyumba nyingi zilizokuwa na rimoti moja zilijikuta na mbili, ya runinga na ya king'amuzi. Ongeza ya deki na ya spika, zimekuwa nne. Isitoshe, watengenezaji wamezidi kupunguza vitufe kwenye chombo chenyewe, hata deki nyingine imebaki na cha kuwashia na cha kufungulia kinywa tu. Anayekuuzia rimoti isiyofaa, kwa hivyo, hakupunji kijiplastiki cha shilingi chache. Amekufungia chombo kizima ulichokinunua kwa jasho lako.

Yafaa basi kila mwenye nyumba ajue kitenzambali, kama wataalamu wa lugha wakiitavyo, hufanya kazi vipi. Mbele yake pana kijitaa kinachotoa mwanga wa infraredi, ambao urefu wa wimbi lake ni takriban nanomita 940. Jicho la binadamu hukomea karibu na 700, ndiyo sababu hatuuoni. Ukibonyeza kitufe, kijitaa hicho humetameta takriban mara 38,000 kwa sekunde, na mimeto hiyo hukatwa mafungu mafungu kuunda namba ya kitufe ulichobonyeza. Ndani ya deki mna jicho lililoundwa kupuuza mwanga usiopiga kwa kasi hiyo. Lakini mwanga ni mwanga. Haupenyi ukuta, haupenyi mbao, na haupenyi kitambaa kizito.

Hapo akina mama wataniwia radhi. Vile vitambaa vya kufuma tunavyovitandika juu ya runinga na king'amuzi ni pambo la heshima, lakini pembe ya kitambaa mara nyingi huning'inia mbele ya lile jicho. Nimewahi kumwona fundi akilipwa ujira wake kamili kwa kukiinua kitambaa.

Kitambaa kikishaondolewa, pana kipimo kisichogharimu hata senti, nacho kimo mikononi mwa karibu kila mtu. Washa kamera ya simu, ielekeze kwenye kijitaa cha rimoti, ubonyeze kitufe na kutazama kioo cha simu. Kamera huona kile ambacho jicho halikioni, na kijitaa kizima huonekana kikimetameta kwa rangi nyeupe au ya zambarau. Baadhi ya simu zina kichujio kinachozuia mwanga huo katika kamera ya nyuma, hivyo jaribu na ya mbele, na uanze kwa rimoti unayojua ni nzima. Ukiuona mwanga, rimoti yaelekea haina hatia, nawe uipeleleze deki. Usipouona, chunguza betri.

Na betri nazo zina hadithi yake. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru, ambacho bidhaa zake zilitumika katika tochi na redio za wazazi wetu, kilifungwa mwaka wa 2014. Leo soko limejaa betri za kila jina kutoka ng'ambo, na nyingine huisha nguvu kabla ya mwezi kuandama. Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwani iliyochoka huivuta mpya chini. Zile za kuchajiwa hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na rimoti nyingine hazitosheki nazo. Rimoti inayotii tu ukiisogeza hadi hatua moja kutoka kwa deki inalilia betri, haililii fundi. Ukikuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye springi, betri imevuja. Usiushike kwa vidole vitupu, bali ufute kwa pamba iliyochovywa katika siki au maji ya limau, kisha uache pakauke kabisa.

Iwapo kitufe kimoja ndicho kinachokaidi, na hasa kile cha sauti kinachobonyezwa kutwa, kosa liko kwenye mpira ulio chini yake, ambao kitako chake cheusi cha kaboni kimeshika mafuta ya vidole. Pamba na spirti humaliza kazi. Iwapo vyote vimekufa baada ya kuangushwa sakafuni, basi huenda kijipande kinachopiga mapigo kimevunjika au waya umeachana na bati lake. Hiyo ni kazi halali ya fundi.

Lipo pia tatizo la kinyume, ambalo huwahangaisha watu siku nzima. Rimoti iliyokaliwa chini ya mto wa kochi, kitufe kikiwa kimezama, hutoa mwanga bila kukoma na kuzifunika nyingine zote. Toa betri za rimoti zote isipokuwa moja, na muujiza utafichuka.

Sasa turudi Kibuye, ambako bidhaa huuzwa hadharani, chini ya jua la Kisumu. Jua hilo lenyewe limejaa infraredi. Deki nzima ikijaribiwa uwanjani saa saba mchana yaweza kukataa rimoti yake, mnunuzi akaondoka akidhani ni mbovu. Muuzaji mjanja naye huutumia ukweli huo kuuza mbovu, akisema, "Ni jua tu, mzee." Dawa ni kulikinga jicho kwa katoni na kujaribu tena. Isipotii kivulini, jua halina kesi.

Kwa maoni yangu, hakuna rimoti inayopasa kuuzwa sokoni bila kujaribiwa mbele ya mnunuzi. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa za kiwango kinachofaa na ya kupewa habari anazohitaji, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ikapitishwa mwaka wa 2012. Haki hiyo haimbagui anayenunua juu ya gunia lililotandazwa chini. Mnunuzi naye asije mikono mitupu. Aje na rimoti ya zamani na namba ya modeli iliyo nyuma ya deki, maana jina la kampuni pekee halitoshi: kampuni moja hutumia namba tofauti kwa deki tofauti. Akichukua ile ya kutumika na vyombo vyote, aombe ipangwe hapo hapo.

Na fundi akisema jicho la deki ndilo limekufa, mwambie akuonyeshe. Ni kijipande cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya hindi. Kukilehemu kipya hakuhitaji deki yako ilale kwake wiki mbili.