Mnyonge mnyongeni, na kombe lake mpeni

Jumamosi iliyopita nilikuwa gereji, Bondeni, nikingoja gari langu libadilishwe breki. Vijana wa pale walikuwa wamejikusanya kwenye simu moja wakitazama mbio za magari za Marekani. Mmoja wao akaniuliza, "Ami, hawa watu wanazunguka tu kama ngamia wa kinu. Utajuaje nani kashinda?" Wenzake wakacheka.

Nikamwambia swali lake si la mzaha. Magari yanapozunguka njia moja mara mia mbili, yaliyo mbele huwafikia walio nyuma na kuwapita tena na tena, hata mtazamaji asijue nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Anayejua ni yule mwenye kuhesabu. Akikosea yeye, au akiamua kukosea, mbio zote huharibika. Niliwasimulia kisa cha dereva mmoja na msimu wake wa 1964, na leo nakisimulia hapa kwa sababu kinanihusu kuliko vijana wale walivyodhani.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Haya huitwa magari ya stoki kwa sababu asili yake ni magari ya kawaida, yale yanayouzwa dukani kwa mtu wa kuendea kazini. Zama zile mafundi waliondoa viti na makorokoro, walifunga mabomba ya chuma ndani ili dereva asipondeke gari likipinduka, kisha waliishughulikia injini. Njia yao aghalabu ni ya mviringo kama yai, na dereva hukata kushoto tu tangu mwanzo hadi mwisho. Chama kikubwa kinachosimamia mbio hizi ni NASCAR, kilichoanzishwa 1948. Zama zile dereva alipata pointi katika kila shindano, na mwisho wa msimu mwenye pointi nyingi zaidi ndiye aliyekuwa bingwa.

Dereva wetu ni Wendell Scott, mtu mweusi wa mji wa Danville, jimbo la Virginia, aliyezaliwa 1921. Ufundi aliuanza kwa babake. Katika vita vikuu vya pili alikuwa fundi wa magari jeshini. Aliporudi aliendesha teksi, na usiku alisafirisha pombe ya magendo. Hilo la pombe simsifu, lakini ndilo lililomfungulia mlango. Mwaka 1952 wenye uwanja wa mbio wa Danville walitaka dereva mweusi ili wavute watazamaji. Wakawauliza polisi ni nani anayewasumbua zaidi barabarani, polisi wakamtaja Scott.

Alianza kwenye viwanja vidogo vya vumbi. Viwanja vingine vilimrudisha langoni kwa rangi yake, akageuza gari akarudi nyumbani, wiki ya pili akaenda kujaribu kwengine. Mwaka 1959 alichukua ubingwa wa jimbo la Virginia katika daraja la chini, na 1961 akaingia daraja la juu kabisa la NASCAR. Hakuwa na kampuni nyuma yake. Gari lilikuwa lake, fundi alikuwa yeye, na wasaidizi walikuwa wanawe.

Hapa pana jambo la kueleza, kwa sababu bila hilo hutafahamu panda shuka za msimu wake. Wakati ule Ford na Chrysler walikuwa wakiwapa madereva wao injini, matairi na mafundi. Kampuni mama ya Chevrolet ilitangaza mapema 1963 kwamba inajitoa katika mashindano, na Scott alikuwa akiendesha Chevrolet ya 1962 aliyoinunua ikiwa imeshatumika kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett. Msimu wa 1964 ulikuwa na mashindano 62, yaani zaidi ya moja kwa wiki. Mtu anayejigharimia hawezi kukimbiza gari mpaka injini ipasuke, kwa sababu hana injini nyengine. Huenda kwa hesabu: alitunze gari, amalize, achukue zawadi ya nafasi ya nane au ya kumi, anunue matairi na mafuta, aelekee mji unaofuata. Mwenye matatu moja ya mkopo anaijua hesabu hii. Ukilivunja leo, kesho hulali njaa peke yako.

Msimu huo ulianza Novemba 1963, kabla mwaka wenyewe haujaingia. Tarehe 1 Desemba, siku 11 kabla Kenya haijapata uhuru, magari yalikutana Jacksonville, Florida, kwenye njia ya udongo ya nusu maili. Walitakiwa kuzunguka mara 200.

Njia ya udongo ina tabia yake. Magari yakipita mara nyingi hutoboka mashimo, na mashimo hula matairi, hukata springi na kuvunja usukani. Kwenye lami pana, mwenye injini kubwa hutangulia na huna la kumfanya. Kwenye udongo, anayelijua gari lake na kuliendesha kwa huruma ana nafasi yake. Siku ile magari ya matajiri yalianza kuchoka moja moja. Yalipobaki mizunguko kama 25, Richard Petty, aliyekuwa akiongoza, gari lake likapata hitilafu, na Scott akampita.

Akafika mzunguko wa 200. Bendera ya miraba myeusi na myeupe, ile ya kumaliza, haikupepea. Akaendelea. Akazunguka wa 201, akazunguka wa 202. Bendera akapepewa Buck Baker, dereva mzungu, aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili. Baker ndiye aliyeitwa jukwaani, akapewa kombe, akapigwa picha.

Scott akalalamika. Wasimamizi wakaenda kupitia karatasi zao, na saa kadhaa baadaye, watazamaji wakiwa wameshatawanyika, wakamwambia kwamba ni kweli, mshindi ni yeye. Pesa ya mshindi alipata. Kombe lilikuwa limeshakwenda na Baker. Wiki chache baadaye, kwenye mashindano ya Savannah, alipewa kijikombe cha mbao kisichoandikwa kitu. Scott na jamaa zake waliamini mpaka mwisho kwamba wasimamizi hawakutaka mtu mweusi asimame jukwaani mbele ya umati ule, kando ya binti mzungu aliyekuwa akiwabusu washindi.

Wako wanaosema kuhesabu kulikuwa kugumu zama zile. Ni kweli kulikuwa kugumu. Hakukuwa na kompyuta. Watu walikaa na karatasi na kalamu, wakiandika kila gari lao linapopita. Lakini tazama jambo hili. Februari 1959, huko Daytona, Johnny Beauchamp alitangazwa mshindi wa mbio kubwa kuliko zote. Lee Petty akapinga. Wasimamizi wakakusanya picha na filamu, na baada ya siku tatu wakatangaza kwamba mshindi ni Petty. Dunia nzima ya mchezo ule ikasikia. Basi walijua namna ya kusahihisha kosa lao wakitaka.

Msimu ukaendelea, nao ulikuwa msimu mzito. Januari 1964 bingwa aliyekuwa akitetea taji, Joe Weatherly, alikufa mashindanoni Riverside, California. Februari Chrysler walileta Daytona injini mpya, na magari yao yakashika nafasi tatu za kwanza. Richard Petty akashinda, na mwisho wa mwaka ubingwa ukawa wake. Mei, Fireball Roberts aliungua vibaya gari lake liliposhika moto Charlotte, akafariki tarehe 2 Julai. Siku hiyo hiyo Rais Johnson alitia sahihi sheria iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli, mikahawa na makazini. Kabla ya hapo Scott na wanawe walishazoea kukataliwa chumba na chakula njiani. Septemba Jimmy Pardue naye alikufa akijaribu matairi.

Katika mashindano 62, Scott alishiriki 56. Alimaliza ndani ya kumi bora mara 25, na kwa pointi akawa wa 12. Kwa mtu asiye na mfadhili, aliyekuwa akifungua injini kwa mikono yake usiku ili aendeshe mchana, hiyo si kazi ndogo. Mwaka 1966 alipanda hadi wa sita. Ajali ya Talladega ya 1973 ilimvunja mifupa na kumtoa mchezoni. Katika mashindano 495 ya daraja la juu, ushindi wake ulibaki ule mmoja. Alifariki Desemba 1990, kombe la Jacksonville hajalishika.

Mwaka 2015 NASCAR walimwingiza katika jumba lao la mashujaa. Agosti 2021, huko Daytona, waliwakabidhi jamaa zake kombe mbele ya watu. Ilikuwa imepita miaka 57 na ushei. Wiki chache baadaye, Oktoba, Bubba Wallace akashinda Talladega, akawa mtu mweusi wa pili kushinda katika daraja lile.

Nilipomaliza, yule kijana wa gereji akasema, "Ami, si pesa walimpa? Angetaka nini tena?" Sikumjibu pale. Jibu ninalo, lakini lilinikwama kooni, na ndilo lililonifanya niandike.

Miaka minane iliyopita, Idd pili, mtaa wetu uliandaa mbio za baiskeli za vijana. Mizunguko 12 kuuzunguka uwanja, zawadi baiskeli mpya. Kuhesabu nilipewa mimi, kwa kuwa nina diploma, kana kwamba diploma hufundisha mtu kuhesabu baiskeli. Nilikaa na daftari na kalamu, jua la mchana, watoto wanapiga kelele, wazee wananisemesha. Kijana mmoja, aliyekuwa akiuza mikate asubuhi kwa baiskeli ya kuazima, breki yake kandambili, alisimama mbele yangu akasema, "Ami, mimi nishamaliza." Nikatazama daftari. Nikamwambia bado mmoja, rudi. Akarudi kuzunguka. Nyuma yake akaja mwengine, mtoto wa watu wenye uwezo, nikamtangaza mshindi.

Usiku nilifungua daftari nyumbani. Katika mstari wa yule mshindi palikuwa na alama mbili zilizobanana. Moja haikuwa yake. Nilikuwa nimeandika mzunguko wa muuza mikate kwenye mstari wa mtu mwengine.

Sikumwambia mtu. Nilijisemea ni mambo ya watoto, Idd imeshapita, nikisema nitazua ugomvi baina ya majirani. Ijumaa ya tatu nilimvizia baada ya swala, nikamvuta kando, nikamweleza, nikamtia pesa mkononi. Hazikufika bei ya baiskeli, lakini zilikuwa nyingi kwangu. Alizipokea kwa adabu. Kisha akasema, "Ami, pesa nashukuru. Lakini watu wote wanajua nilishindwa."

Nikaondoka. Ningeweza siku ile ile kurudi mle msikitini nikaomba dakika moja kwa imamu. Ningeweza kuita barza. Sikufanya. Kwa miaka minane nimekuwa nikisimulia dhuluma za watu wengine katika safu hii, za Marekani na za hapa kwetu, na daftari lile liko ndani ya kabati langu.

Kwa hivyo hili ndilo jibu la kijana wa gereji. Wendell Scott alitaka kile ambacho muuza mikate alitaka: waliomwona akishindwa waambiwe kwamba alishinda. Kosa lilifanyika mbele ya watu, na pesa inayotolewa kando ya ukuta hailifuti. Mwenye kuhesabu akigundua kakosea, na asirudi kwa watu wale wale kusema, basi kutoka saa hiyo si kosa tena. Ni dhuluma, na anaijua.

Jina la kijana silitaji, kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Sasa ni mtu mzima, na yeye anajijua. Walioikaa Idd ile uwanjani pia wanamjua. Enyi mliokuwepo, mshindi alikuwa yeye. Alizunguka 12 kabla ya mtu mwengine yeyote, nami nilimrudisha kwa kosa la kalamu yangu, kisha nikanyamaza kwa woga wangu. Baiskeli nadaiwa.

Idd ijayo, inshallah, mbio zitakuwepo tena. Nimewaomba waandalizi kila baiskeli iwe na wahesabu wawili wasiokaa pamoja, na daftari zilinganishwe kabla mtu hajatangazwa. Nimeomba pia nipewe kipaza sauti kabla ya mbio kuanza. Wamekubali. Aliyekuwepo siku ile, tafadhali aje.