Taa Ndogo ya Kumtisha Mwizi wa Gari

Ndugu mkulima, sanamu shambani haina nguvu, lakini ndege huiogopa. Pikapu yako yaweza kulindwa vivyo hivyo.

Nunua taa nyekundu ya LED yenye kumetameta, rezista ya omu 1,000, fyuzi na swichi. Kwanza fungua waya wa hasi wa betri. Toboa dashibodi, taa ionekane dirishani. Mguu wake mrefu uunge kwa rezista, swichi na fyuzi hata chanya ya betri ya volti 12. Mguu mfupi uunge na chuma cha bodi. Usiku kucha hula umeme kidogo mno.

Lakini taa hii haipigi kelele. Basi funga milango, ondoa ufunguo, wala usiitangaze sokoni: ndege akiijua sanamu, hula mtama.