Tuziunganishe nyua za Eastlands kabla hazijamezwa na saruji

Majina ya mahali ni kumbukumbu isiyohitaji karatasi. Jina Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kibra, kwa lugha ya Wanubi, ni msitu. Ziwani, mtaa ulio jirani na Kariokor, wajieleza wenyewe. Mwanaisimu akiisoma ramani ya jiji hili hudhani yumo katika nchi ya chemchemi na vivuli. Akiiweka kando akatembea kwa miguu kutoka Shauri Moyo hadi Kayole, atagundua kwamba majina yamedumu ilhali vilivyoitwa kwa majina hayo vimetoweka.

Hali hii haikuzuka yenyewe. Wakoloni waliligawa jiji kwa rangi ya ngozi, na kwa kufanya hivyo wakagawa hata vivuli. Wazungu walijitengea vilima vya magharibi, penye udongo mwekundu na misitu. Waafrika wakasukumwa kwenye tambarare ya mashariki, penye udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Hata hivyo, mitaa yetu haikunyimwa kila kitu. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipata ukumbi wake na nyumba za chini zenye nyua za nyasi na miti. Mpango Mkuu wa Nairobi wa mwaka 1948 nao ulipendekeza vitongoji vyenye shule na maeneo ya wazi.

Nyua hizo tulizirithi. Je, tumezifanyia nini? Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka 2004, ilieleza kinaganaga jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Na sasa mitaa ya zamani iliyokuwa ya baraza la jiji imeanza kubomolewa kupisha maghorofa, kama ilivyotokea Pangani. Sipingi nyumba mpya. Watu hawawezi kulala juu ya nyasi. Ninachohofia ni kwamba ukuta wa zamani unapobomolewa, uwanja uliokuwa mbele yake nao hutoweka, na hakuna anayeuandikia hati ya kifo.

Thamani ya uwanja wazi haipimwi kwa bei ya ploti. Chukua mfano wa Kamukunji. Ni kiwanja tu, nacho kiliwapa Wakenya mahali pa kudai demokrasia ya vyama vingi tarehe 7 Julai 1990. Leo neno kamukunji limeshuka kutoka nomino ya pekee hadi nomino ya kawaida: hata wabunge hukutana katika kamukunji yao. Sijui maegesho ya magari yatakayoipa lugha yetu neno kama hilo.

Wapo watakaosema kwamba Nairobi ina miti ya kutosha. Ni kweli kwamba Profesa Wangari Maathai alipigania Bustani ya Uhuru mwaka 1989 na Msitu wa Karura mwaka 1998 na 1999, na kwa ushupavu wake vyote viwili vipo hadi leo. Lakini mtoto wa Umoja hufika Karura kwa nauli na huingia kwa kiingilio. Mashariki tumebaki na vipande: uwanja wa shule hapa, ua wa mtaa pale, ukingo wa mto uliojaa taka kule. Maneno yasiyo na viunganishi hayafanyi sentensi, hata yakiwa matamu namna gani. Vivyo hivyo, vipande vya kijani visivyoungana havifanyi makao. Kipepeo, nyuki na chozi huhitaji kutoka ua hadi ua bila ya kuvuka kilomita nzima za mabati na lami. Vinginevyo tutabaki na wale korongo wakubwa wenye vichwa vya upara, wanaoshindana na binadamu kuchakura jaa la Dandora.

Umuhimu wa njia hizo tunaufahamu vyema. Reli ya kisasa ilipopitishwa katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliinuliwa juu ya nguzo kwa takriban kilomita sita ili wanyama wapite chini yake. Tulimfikiria twiga, na tulifanya vyema. Nauliza tu, mtoto wa Mukuru anayetaka kufika uwanjani salama amefikiriwa na nani?

Kiunganishi tunachokihitaji tumekwisha kupewa na maumbile. Mito mitatu huteremka kutoka magharibi kuelekea mashariki. Mto Mathare hupita katika bonde la jina hilo. Mto Nairobi hupita Kamukunji na Gikomba, ukaendelea hadi Korogocho na Dandora. Mto Ngong hukata eneo la viwanda na Mukuru. Hatimaye maji yao huingia Mto Athi, yakamwagika baharini karibu na Malindi. Kingo za mito hiyo zikiwa na miti, mabwawa madogo na vijia vya miguu, karibu kila mtaa wa Eastlands utakuwa na mlango wa kuingilia bustani moja ndefu.

Hapa ndipo penye mtihani. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliwaamuru wakazi walio ndani ya mita 30 za mito kuhama, na matingatinga yakabomoa makao yao Mathare na Mukuru. Machi 2025 ukazinduliwa mradi wa shilingi bilioni 50 wa kuirejeshea uhai mito ya Nairobi. Nia ni njema, lakini bustani iliyooteshwa juu ya kifusi cha nyumba ya maskini asiyefidiwa wala kuonyeshwa pa kwenda itakuwa na wageni wengi na wenyewe wachache. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakikusema kila mtu isipokuwa wa kando ya mto.

Mfano mwema hauko mbali. Korogocho, vijana wa kikundi cha Komb Green Solutions walianza mwaka 2017 kuzoa taka ukingoni na kupageuza bustani ya wananchi. Dandora nako, vijana wamesafisha nyua za mitaa yao wakapanda nyasi na maua. Katika jiji la Medellín, nchini Colombia, njia 30 za kijani zilioteshwa kando ya barabara na vijito, na wakazi wa kipato cha chini wakafunzwa kazi ya kuzitunza na kulipwa ujira.

Naiomba serikali ya kaunti ifanye mambo matatu. Kwanza, ichore na kutangaza ramani ya kila uwanja, ua na ukingo wa umma wa Eastlands, kabla mtaa mwingine haujabomolewa. Pili, kila mwenye kibali cha ghorofa alazimishwe kuacha njia inayouunganisha ua wake na wa jirani hadi mtoni. Tatu, utunzaji wa njia hizo wapewe wakazi wenyewe, kwa malipo. Ramani hiyo haihitaji mabilioni. Wino na ujasiri vyatosha.