Ukungu wa Kununua Dukani

Wiki hii nazungumzia ukungu. Si ule wa alfajiri juu ya mikoko ya mdomo wa Mto Ruvuma, bali ule wa kununuliwa: vijimashine vinavyotumbukizwa majini vikatoa moshi mweupe wa baridi juu ya bwawa la samaki wa mapambo, kwenye ukumbi wa harusi, au ndani ya sanduku la vioo la kufugia vyura na mimea. Hapa Mtwara mjini nimeulizwa mara nyingi: ninunue ipi?

Kabla ya kufungua pochi, tuelewe inavyofanya kazi. Ndani mna kisahani cha kauri kinachotetemeka zaidi ya mara milioni moja kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi, kwa hiyo sauti yenyewe hatuisikii. Mtetemo huo huyarusha maji yakiwa vitone vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja. Maji hayachemki, ndiyo maana ukungu ni wa baridi.

Kutokana na hilo, jambo la kwanza ni kina. Kisahani kinataka sentimita chache tu za maji juu yake. Kikizama sana, utaona maji yanafurukuta bila ukungu, kikikauka, kinaungua. Chagua mashine inayojizima maji yakipungua, na kwa bwawa la nje chagua yenye boya, ipande na kushuka na maji. Uliza pia kama kisahani cha akiba kinapatikana, kwani huchakaa.

La pili ni maji yenyewe. Kila kilichomo ndani ya maji hupanda hewani: chumvi, chokaa, hata vijidudu. Ukitumia maji ya kisima chenye chumvi, vyombo vyako vitapakwa vumbi jeupe, na vumbi hilohilo watoto watalivuta. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili zinatosha kujaza ndoo safi. Maji yaliyolala usiyarushe chumbani. Mwaga, sugua chombo, weka mengine.

La tatu, jiulize unataka kulowesha au kupamba. Nchi yetu ina somo lake: chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, maji mengi yalichepushwa na manyunyu yakakatika. Wataalamu hawakuleta ukungu wa mapambo. Walitandaza mabomba ya kunyunyizia, kwa sababu majani na udongo vilihitaji kulowa. Hata hivyo mwaka 2003 chura hao walikaribia kwisha, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wakilelewa Marekani, na mwaka 2012 kizazi chao kikaanza kurudishwa korongoni.

Basi ewe mfugaji, ukungu wa mashine huongeza unyevu wa hewa, lakini haunyweshi mmea wala kulowesha udongo vya kutosha. Chupa ya kunyunyizia bado ina kazi. Na uache nafasi ya hewa kupita, maana sanduku lenye unyevu bila hewa huzaa kuvu.

La mwisho ni umeme na upepo. Nunua yenye transfoma ya kushusha umeme hadi volti 24, nayo transfoma ikae pakavu. Hakikisha inakubali volti 230 zetu. Ya kisahani kimoja hula wati 20 hadi 30, hivyo LUKU haitalia. Lakini ukiiweka barazani inakopiga kusi, ukungu wote utaishia kwa jirani.

Na asikudanganye muuzaji: hii haiui mbu. Ile ya kupulizia dawa ni nyingine kabisa.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.