Mdhulumiwa wa kazini na siku zake thelathini

Kabla Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) hajapewa utume, akiwa kijana wa takriban miaka 20, alifika Makka mfanyabiashara kutoka Zabid, katika nchi ya Yemen, akiwa na bidhaa zake. Al-As bin Wail, mmoja wa wakubwa wa Kikuraishi, alizinunua, kisha akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na ukoo mjini. Aliwaendea wenye nguvu wakamgeuzia kisogo, ndipo alipopanda jabali la Abu Qubays na kuwanadia Makuraishi waliokuwa wameketi kando ya Al-Kaaba. Az-Zubayr bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume, akainuka. Watu wakakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakala kiapo kwamba kila atakayedhulumiwa Makka, mwenyeji au mgeni, watasimama naye mpaka arudishiwe haki yake. Wakamwendea Al-As, na mali ikarudi kwa mwenyewe.

Kiapo kile huitwa Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w.) alikihudhuria, na hata baada ya kupewa utume aliendelea kukitaja kwa sifa, akieleza kuwa lau angeitwa kwenye mfano wake angeitika. Wanavyuoni wamekisherehesha kwa mengi. Mimi leo nataka jambo moja tu: Mzabidi yule haki alikuwa nayo, alichokosa ni mtu wa kusimama naye, na waliosimama naye hawakumtoza kitu wala hawakumuuliza kabila.

Ndugu msomaji, hiyo ndiyo hali ya wafanyakazi wengi katika nchi yetu. Mlinzi wa usiku, mhudumu wa mgahawa, dada wa kazi za nyumbani, utingo wa lori, anaambiwa asubuhi moja kwamba kesho asije. Sheria imemtaja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, na shauri likifika mbele ya wasuluhishi, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba alimwachisha kwa haki. (Aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hamo katika kinga hii, na ni vema ajue mapema.) Lakini utingo wa lori atayajulia wapi hayo?

Hapa ndipo zinapoingia taasisi zisizotafuta faida. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuwasaidia wanyonge bila malipo. Mwaka 1995 kikaanzishwa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kuwasikiliza bure wasio na uwezo wa kumlipa wakili, na migogoro ya ajira ni katika yale wanayoletewa kwa wingi, sambamba na ardhi, ndoa na mirathi. Baadaye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, wale watu wa mitaani na vijijini waliopewa mafunzo ya sheria bila kuwa mawakili. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar tangu mwaka 1992, na kwa kuwa kazi si jambo la Muungano, wao hufuata sheria yao ya ajira, Na. 11 ya mwaka 2005. Ninayoyaeleza hapa ni ya Bara.

Msaada wenyewe haufanani na ule wa kwenye filamu, wakili akinguruma mbele ya hakimu. Mara nyingi ni mtu kuketi mezani, akasikilizwa kwa utulivu, kisha akaulizwa maswali ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza: ulianza kazi lini, uliachishwa lini, ulikuwa ukilipwa kwa njia gani, likizo ulichukua mara ngapi? Kutokana na majibu hayo mtoa msaada hupanga madai. Anayelipwa kwa mwezi anastahiki notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Aliyetumikia miaka kadhaa anaweza kustahiki kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka 10. Mlinzi wa miaka minane, kwa hesabu hiyo, ni siku 56. Wapo waliokwenda vituoni wakidai mshahara wa mwezi mmoja tu, wakatoka wakijua kuwa walipunjwa mara kadhaa zaidi. Wapo pia walioambiwa kwa upole kwamba hawana dai, na hiyo nayo ni huduma, maana imewaepusha na miaka ya kuhangaika bure.

Baada ya hapo huandikwa barua kwa mwajiri, na wengine hulipa kwa barua hiyo peke yake. Asipolipa, shauri hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume haitozi ada. Mfanyakazi anaweza kusimama mwenyewe, na vituo vingi humwandaa kwa hilo: humjazia fomu, humkumbusha kuwa nakala yake sharti ifike kwa mwajiri, na humfundisha namna ya kueleza kisa chake bila kukichanganya na matusi. Kwa muda mrefu kikwazo kimojawapo kilikuwa lugha, mtu akipewa karatasi ya Kiingereza inayoamua riziki yake. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na hilo limewapunguzia wanyonge mzigo.

Sasa tufike kwenye jambo linaloniuma. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kulifikisha shauri lake kwenye Tume, zikihesabiwa tangu alipoachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Migogoro mingine ya kazi imepewa siku 60. Aliyepewa barua Ijumaa ya leo, Ijumaa ya nne kutoka sasa atakuwa amebakiwa na siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Zikipita, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze sababu ya msingi ya kuchelewa, na wengi huishia hapo.

Na kwa nini wanachelewa? Wengi hawakulala. Walikuwa wakisuluhishwa. Mfanyakazi akiachishwa humwendea mzee wa mtaa, humwendea imamu wake, nao humwendea mwajiri kwa nia njema. Mwajiri husema njooni wiki ijayo, na wiki ijayo yuko safarini. Mfanyakazi huambiwa avute subira. Sulhu ni jambo la kheri katika dini yetu, sina ugomvi nayo. Lakini mahakama zetu zimekwishasema mara nyingi kwamba mazungumzo ya suluhu hayasimamishi muda wa kufungua shauri. Kwa hiyo imamu anayesuluhisha na amwelekeze mtu huyo kituoni siku ile ile, fomu ijazwe, na mazungumzo yaendelee. Tume yenyewe huanza kwa usuluhishi. Akikubali mwajiri, shauri huisha kwa maelewano, na sulhu iliyoandikwa ina nguvu kuliko ahadi ya barazani. Subira aliyoisifu Mola wetu ni ya kuvumilia uzito wa kuitafuta haki pia, wala si ya kukaa kimya tu mpaka mlango ufungwe.

Kuna wengine huogopa kwenda kwa kuwa hawakupewa mkataba wa maandishi. Hofu hiyo haina msingi. Sheria humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoyaleta kwenye shauri, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti lolote linalodaiwa. Hata hivyo, mtu aende na alicho nacho: kitambulisho cha kazi, ujumbe wa simu wa kupokea mshahara, daftari la mahudhurio, jina la mwenzake aliyeona.

Na sisi wenyewe je? Ziko madrasa zenye mwalimu wa miaka kumi asiye na karatasi yoyote, na misikiti yenye mlinzi anayelipwa sadaka ikikusanyika. Mwalimu huyo akiachishwa ana haki ya kwenda kwenye kituo kile kile, na kamati isimwone kuwa ameidhalilisha dini.

Vituo hivi huendeshwa kwa sehemu kubwa na fedha za wafadhili, na mfadhili akiondoka meza hufungwa. Tunaweka wakfu visima na majengo, na Mwenyezi Mungu awalipe wanaofanya hivyo. Sioni kwa nini pasiwepo wakfu wa kumlipia nauli na posho msaidizi wa kisheria. Msikiti ambao ukumbi wake hauna shughuli Jumamosi asubuhi unahitaji meza moja na viti vitatu ili kuanza, na mtangazaji wa Ijumaa kutaja saa.